Nibu ya Titani: Nukta Haina Pembe

Katika mkutano wetu wa mwisho hapa Vitongoji palizuka mabishano ambayo nusura yavunje kikao. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka Dar es Salaam na kalamu ya wino yenye nibu ya titani. Akaipitisha mkono kwa mkono, na kabla chai haijapoa tayari pana pendekezo mezani: tutoe fedha za mfuko, tununue nibu tano, tuandikie mashairi ya wazee wetu tunayotaka kuyatoa toleo lijalo kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono, kama yalivyoandikwa zamani. Eti nibu hii "inarudisha mkono wa kale." Nibu moja shilingi 45,000. Tano ni 225,000. Nyote mnajua fedha hizo ndizo zinazotoa kopi za toleo zima, na zikabaki za nauli ya kwendea Chake.

Niliomba niazimwe kalamu ile wiki tatu. Wengine walicheka, wakasema nimeshaipenda nataka kuitia mfukoni. Hawakukosea sana.

Nianze na sifa zake, maana anayeponda kitu bila kukijaribu si mhakiki, ni mtu mwenye chuki tu. Kwanza, nyepesi. Chuma cha pua kina uzito unaokaribia mara mbili wa titani kwa ujazo ule ule, na dhahabu ni zaidi ya mara nne. Kwenye kijibati kidogo kama nibu tofauti hiyo hata huisikii mkononi, kwa hiyo sifa hiyo tuwaachie wauzaji. Pili, haili kutu. Hili kwetu si jambo dogo. Siye tunaishi kisiwani, hewa yenyewe ina chumvi, na wale waliosoma skuli enzi za kalamu za kuchovya wanasema nibu za zamani ukizisahau na wino wake zinafanya wekundu. Titani haijali chumvi, haijali wino mkali.

Tatu ndiyo inayowatia watu wazimu: inanyumbuka. Kwa unene ule ule na nguvu ile ile, titani hupinda karibu mara mbili ya chuma cha pua. Ukiikandamiza kidogo, zile ncha mbili zinatanuka, wino unamiminika, mstari unanenepa. Ukilegeza, unakonda. Nilipoandika jina langu mara ya kwanza, wallahi nilijiona mtu mkubwa. Niliandika ukurasa mzima wa jina langu. Naona aibu kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hapa nitoke njiani kidogo. Madini haya yaligunduliwa mwaka 1791 huko Cornwall, Uingereza, na kasisi aitwaye William Gregor, ndani ya mchanga mweusi. Mchanga wenye titani jirani zetu wanao: ng'ambo ya bahari, Kwale, kampuni ya Base Titanium ilichimba kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, mzigo ukipakiwa melini Likoni. Lakini usije ukadhani nibu yako imetoka Udigoni. Sehemu kubwa kabisa ya madini ya titani duniani haiwi chuma hata siku moja. Hufanywa unga mweupe wa kutilia kwenye rangi za ukuta, plastiki na karatasi. Yaani ni rahisi zaidi titani iwe kwenye karatasi kuliko kwenye kalamu inayoandika juu yake. Kuifanya chuma ni kazi ya gharama, na kukifinyanga chuma chenyewe ni kazi nyingine. Parker walitoa kalamu yao T-1 mwaka 1970, nibu na kiwiliwili vyote titani, na haikudumu sokoni kwa sababu hiyo hiyo. Baadaye Bock wa Heidelberg, Ujerumani, wakawa wanawauzia mafundi wa kalamu nibu za titani. Sasa viwanda vya China vinatoa za bei nafuu, namba 6, unazoweza kuzichomeka kwenye kalamu kama Jinhao bila fundi. Nafuu kwa kulinganisha na dhahabu, lakini. Kwa mwanafunzi wa hapa, 45,000 si nafuu.

Haya, turudi kwenye kuandika. Siku ya pili nilitoka kwenye karatasi nzuri aliyokuja nayo mwenzetu nikaingia kwenye kauntabuku, ile tunayonunua dukani sote. Balaa! Nibu hii inakunywa wino kama ngamia, na karatasi yetu nayo inakunywa kama mchanga. Mstari ukatambaa ukaota manyoya, na nyuma ya ukurasa ukaonekana wote, nikakosa pa kuandika. Nikachomoa titani nikarudisha nibu ya chuma iliyokuja na kalamu, ile kavu, ngumu, isiyo na maringo. Karatasi ile ile, wino ule ule. Ikaandika safi. Basi jambo la kwanza mwandishi wa hapa alijue: hiyo nibu inadai karatasi, na karatasi inadai fedha nyengine ambazo kwenye pendekezo hazikutajwa.

Lakini kama ingekuwa karatasi tu ningesema tuchange. Tatizo lenyewe nililionyeshwa na mjomba wangu, ambaye baadhi ya mashairi tunayotaka kuyanakili yamo ndani ya sanduku lake, mchwa wakiwa wameshakula pembe za kurasa.

Nilimpelekea kalamu nikamwambia, "Mjomba, hii inaandika kama za kale."

"Lete n'one, mjomba."

Akaigeuza, akaitia juani, akaandika bismillahi. Taratibu, bila haraka. Kisha akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Akasema, "Nzuri. Lakini nukta yake duara."

Sikumfahamu. Akaingia ndani akatoka na kipande cha tete kilichochongwa, cheusi kwa wino uliokaukia miaka, na kidau. Akachovya, akaweka nukta moja tu. Ilikuwa na pembe nne, imelala upande kama almasi.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikasoma nilichotakiwa kukisoma kabla ya kufungua mdomo mkutanoni. Kumbe kwenye hati ya Kiarabu nukta ndiyo futi ya fundi. Tangu Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, urefu wa alifu na upana wa herufi nyengine hupimwa kwa nukta, na nukta hupimwa kwa upana wa ncha ya kalamu. Ncha ya tete huchongwa bapa, ikakatwa kwa mshazari. Unene na wembamba wa herufi havitoki kwenye kukandamiza, vinatoka kwenye huo upana na pembe ambayo mkono umeshika. Ndiyo maana tumbo la nuni linanenepa chini na kukonda kwenye ncha bila ya mwandishi kutumia nguvu yoyote. Hata neno lenyewe kalamu, tulilolipata kwa Waarabu nao wakalipata kwa Wayunani, maana yake ya asili ni tete.

Nibu yetu ya titani mwisho wake ni kijipunje cha mviringo. Tena kwa kawaida kijipunje hicho si titani, ni madini mengine magumu yaliyobandikwa ili ncha isilike. Titani haigusi karatasi kabisa. Mviringo haujui pembe. Unaweza kuukandamiza mpaka nibu ipinde isirudi (na inapinda isirudi, chungeni sana), utapata mstari mnene na mwembamba wa kuvutia, lakini ni uzuri wa barua za Kizungu za zamani. Sio wa sanduku la mjomba. Kunakili mashairi yale kwa nibu ile halafu tuandike chini yake "hati ya kale" itakuwa uongo, na wasomaji wetu hawakutukosea kitu hata tuwadanganye.

Mwenzetu atasema, na ana haki, kwamba si wazee wote waliandika kwa tete. Kweli. Mjomba mwenyewe ana barua za baba yake zilizoandikwa kwa nibu ya chuma ya kuchovya, na mkono ni ule ule mzuri. Lakini hiyo inanipa nguvu mimi, haimpi yeye: kama nibu ya chuma ya bei rahisi ilitosha, titani ya nini?

Nasema hivi basi. Kwa anayeandika rasimu za hadithi, kwa herufi za Kirumi, kwenye karatasi nzito, nibu hii ni raha. Mimi nilikuwa nakandamiza biki mpaka ukurasa wa nyuma unasomeka kwa vidole. Wiki tatu hizi mkono umekuwa mwepesi na bega haliniumi. Hadithi zangu hazikuwa bora, nimezisoma tena juzi. Ukiwa na 45,000 zako mwenyewe, nunua. Fedha za mfuko zisiguswe. Tete zinaota bure, mjomba amekubali kutufundisha kuchonga Ijumaa baada ya sala, na kilichobaki tununue ream ya karatasi nzuri kabla mchwa hawajamaliza sanduku.

Kalamu yenyewe, mwenzetu, ntakurudishia, usinihofie. Kwa sasa iko kwa mjomba. Aliniomba siku mbili, huu ni mwezi. Anaiandikia hesabu zake za karafuu, tarakimu tupu, na anasema kwa tarakimu haina mfano.