Ulevi na Malezi katika Rosa Mistika

Riwaya ya Rosa Mistika, iliyotungwa na Euphrase Kezilahabi na kutolewa mwaka 1971, ilipata kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuhofiwa kwamba ingewapotosha vijana. Hofu hiyo yatokana na kukitazama kitabu upande mmoja. Anayepotoka ndani yake ni kijana, ila mlevi wake mkuu si mwanafunzi: ni Zakaria, baba yake Rosa.

Zakaria hulewa huko Namagondo, Ukerewe, na papo hapo humchunga binti yake kwa kipigo, hata kwa kosa la kupokea barua ya mvulana. Hapo ndipo penye kiini cha hoja ya mtunzi. Malezi ya namna hii humfunza mtoto kumwogopa mchungaji, wala hayamfunzi kujichunga. Basi Rosa afikapo chuo cha ualimu Morogoro, mbali na mkono wa baba, hana kinga aliyokuja nayo. Na mkuu wa chuo, aliyepasa kuwa mlezi wa pili, naye ni miongoni mwa wanaomtumia.

Kasoro ya riwaya ni kwamba Ukerewe imechorwa kwa wino mzito, hali Morogoro imeguswa juu juu. Milima ya Uluguru haina uzito ulio nao ule ujirani wa Namagondo, na wanafunzi wa chuoni hawakuchorwa kwa kina kiasi cha kuonyesha kwamba aliyelelewa vivyo hivyo aweza pia kusimama. Kwa sababu hiyo anguko la Rosa laelekea kuonekana kama jambo lisiloepukika.

Hata hivyo hoja yenyewe haijachakaa. Chini ya milima hiyo sasa pana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, na Mzumbe, kilichopata kuwa chuo kikuu mwaka 2001. Yanapozungumzwa mambo ya pombe na bangi kwa wanafunzi, hutajwa upesi kanuni, kufukuzwa, na Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Hayo yana mahali pake. Lakini adhabu nayo ni fimbo, na humzuia mtu maadamu anaonekana.

Mwishoni mwa riwaya baba na binti walaumiana mbele ya Mungu. Mwalimu akisomapo kitabu hiki akaliona kosa la Rosa peke yake, amesoma nusu ya shauri.