Pete Inayoishia Sitini

Watu wengi wakiisifu Rolex Daytona huanza na bei, au dhahabu. Mimi nataka kuzungumzia pete iliyozunguka kioo chake, ile yenye namba zinazoanzia 400 na kushuka hadi 60. Inaitwa takimita, na ndiyo inayotuambia saa hii ilibuniwa kwa ajili ya nani.

Daytona ilitoka mwaka 1963, ikilengwa kwa madereva wa mashindano. Jina lake ni la mji wa mbio za magari kule Florida. Matumizi ya pete ni mepesi. Gari likipita jiwe la kilomita, bonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu wa katikati uanze kwenda. Likifika jiwe la pili, bonyeza tena. Mshale ukisimama kwenye sekunde ya 30, pete inasoma 120, yaani kilomita 120 kwa saa. Sekunde 3,600 zimeshagawanywa kwa ajili yako, na jibu limechongwa kwenye chuma. Kwa ubunifu, sijui kama kuna namna safi zaidi ya kuficha hesabu.

Lakini mshale humaliza mzunguko kwa dakika moja, ndiyo maana pete inaishia 60. Kinachotumia zaidi ya dakika kwa kilomita hakimo. Hapa Kwamndolwa, baiskeli yenye mzigo wa kuni ikikatiza mashamba ya mkonge kwa kilomita 15 kwa saa inahitaji dakika nne. Mshale utazunguka mara nne na pete haitakuwa na la kusema.

Utaniambia baiskeli ya kuni si mashindano. Haya, tumchukue Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo. Wastani wake ni kama kilomita 25 kwa saa. Naye hamo. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia kilomita kwa miguu yake akaingia kwenye pete ile.

Mtetezi wa saa hii ana jibu, na ni jibu zuri. Maandishi ya kwenye pete hayataji kilomita. Yanasema tu vipimo kwa saa. Kipimo unachagua mwenyewe. Pima mita 100 badala ya kilomita: baiskeli yetu itatumia sekunde 24, pete itasoma 150, gawa kwa kumi, unapata 15.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Kama kipimo ni chochote, basi kinaweza kuwa fungu la majani ya mkonge. Mkataji akifunga fungu moja kwa sekunde 45, pete itasema 80 kwa saa. Haikuona miiba, jua wala mgongo wake baada ya fungu la hamsini. Imechukua sekunde 45 ikazivuta hadi zikawa saa nzima. Injini inaweza kuvumilia makadirio hayo. Mashamba haya yaliwahi kufanyiwa kazi na watu walioitwa manamba, waliohesabiwa kwa kipande, kwa hiyo si swali la kubuni kuuliza nani ameshika kitufe na nani anapimwa.

Zipo kronografu zilizotengenezwa kwa madaktari. Mshale ni uleule na vitufe ni vilevile. Kilichobadilika ni pete. Unahesabu mapigo 30 ya moyo wa mgonjwa, unasimamisha mshale, unasoma mapigo kwa dakika. Ili kuitumia lazima umshike mtu mkono. Daytona ni saa nzuri kuliko nyingi kati ya hizo, na inatunza muda vizuri mno. Ila nikiambiwa nichague pete moja ya kuvaa nikipita njia za mkonge, nitachukua ya daktari.