Mwanamke Baada ya Kipigo: Kimya cha Riwaya na Tamthilia

Fasihi andishi ya Kiswahili haikukosa ujasiri wa kuonyesha kipigo. Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed anamwingiza msomaji nyumbani kwa Bwana Maksuudi, ambamo Bi Tamima anapigwa na kutalikiwa, na binti yao Maimuna anakulia utawani. Naye Ari Katini Mwachofi, katika Mama Ee (1987), anamkabilisha Mwavita na mumewe Tenge na kumpa kinywa cha kukataa. Lililoachwa ni swali la pili: mwanamke akishatoka, hupona vipi?

Lugha yenyewe imechangia kimya hicho. Mume huacha, mke huachwa. Mke akiondoka kwa hiari yake, majirani husema katoroka au, kwa adabu zaidi, karudi kwao, kana kwamba njia ya mbele haipo.

Daktari wa Marekani, Judith Herman, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliugawa uponaji katika hatua tatu: kupata usalama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kuungana upya na watu. Utengano ikipimwa kwa kigezo hiki, upungufu wake hujitokeza. Maimuna anautoroka ukuta wa baba na kuangukia kwenye baa ya Mama Jeni huko Rumbo, ambako kila kitu huuzwa isipokuwa usalama. Hatimaye anainuka, na kuinuka huko kunatiwa muhuri kwa ndoa yake na Kabi. Wema wa Kabi si hoja hapa. Hoja ni kwamba maombolezo yamepitiwa mbiombio, na Maimuna anakabidhiwa mume kabla hajajimiliki.

Mama Ee inabanwa na utanzu wake. Jukwaa hulishwa na mgogoro, ilhali kupona ni kazi ya polepole, aghalabu isiyo na mtazamaji.

Kazi ya namna hiyo haihitaji kubuniwa. Hufanyika katika vyumba vya kupanga vya mitaa kama Mwiki, upande wa Ruiru. Mwanamke aliyetoka na watoto na godoro hudaiwa kodi kabla hajapata nafasi ya kulia. Hushtuka kila geti ligongwapo usiku, hata ukaja usiku asioshtuka. Hununua sufuria bila kumwomba mtu ruhusa. Zamu yake ya chama ikifika, huhesabu fedha zake mwenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani humruhusu kuomba mahakamani amri ya ulinzi ya kumzuia mume asimkaribie. Hiyo ni hatua ya kwanza ya Herman. Hakimu hawezi kuiamuru ya pili.

Ya pili ni mali ya riwaya, utanzu wenye nafasi ya kukaa mwaka mzima na mtu mmoja chumbani. Mwandishi wa Utengano, aliyeyaona kwa makini hivyo mateso ya nyuma ya ukuta, alikuwa na uwezo wa kuiandika sura hiyo. Mahali pake akamweka Kabi.