Pongezi kwa Wanaofundisha Kupima

Anayesomea kemia akitokea Subukia, Nakuru, hana haja ya kwenda mbali kutafuta sampuli. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia huko Nakuru hutangaza hivyo kabla ya mashine yoyote.

Pongezi zangu ni kwa walimu na mafundi wa maabara, wawe Egerton kule Njoro au chuo kingine. Elektrodi ya floraidi haiaminiki hadi ipimwe kwa miyeyusho ya viwango vinavyojulikana: ukolezi ukizidi mara kumi, usomaji ushuke takriban milivolti 59. Miyeyusho hiyo na sampuli huongezwa bafa, maana aluminiamu huificha floraidi. Mwenye haraka huiruka bafa (nao ni wengi), akapata namba safi ya uongo. Fundi humrudisha aanze upya.

Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mkaa huo huchoka, na ulimi hauwezi kugundua. Anayejua kupima ndiye husema lini ubadilishwe.