Asili ya Majina ya Vyakula Vyetu

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, yastahili sifa, maana hutaja kwa kifupi lugha ambako maneno mengi ya mkopo yalitoka. Lakini twaona ya kuwa msomaji asiishie hapo. Neno la chakula ni kama mzigo uliobebwa na wapagazi wengi, na kamusi mara nyingi humtaja yule wa mwisho tu.

Tazameni sukari. Sisi tulipokea neno hili kwa Waarabu. Waarabu walilipata kwa Waajemi, na asili yake ni Bara Hindi: katika Kisanskriti ni sharkara, ambalo maana yake ya kwanza ni changarawe. Waingereza na Wajerumani nao jina lao la sukari limepita kwa Waarabu. Basi asemaye kwamba Mswahili amekopa na Mzungu hakukopa, amekosa.

Majina mengine hupoteza njia kabisa. Sokoni Mbalizi twanunua mahindi na viazi ulaya. Jina la kwanza lataja Uhindi, la pili Ulaya. Walakini mahindi yalianza kulimwa Meksiko, na viazi hivyo katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Vyote vilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Jina latuonyesha aliyeleta chakula, au aliyedhaniwa kukileta. Shamba la kwanza halituonyeshi. Mwalimu afundishaye kwa kufuata jina tu atawapotosha watoto.

Tena wako waonao haya kwa ajili ya mikopo hii, wakisema lugha yetu ni maskini. Hatukubali. Wafini, taifa la kaskazini ya Ulaya, walikopa hata jina la mkate: leipä yao yatoka katika lugha ya kale iliyozaa Kijerumani na Kiingereza. Wala hakuna asemaye kuwa Wafini hawana lugha. Kwetu sisi, mkate na nyama ni maneno ya Kibantu tangu kale. Na yaliyokopwa yametii sarufi yetu: likiwa moja twasema hindi, yakiwa mengi mahindi. Mgeni afuataye desturi za nyumba haivunji nyumba.

Basi watungao kamusi watuandikie safari nzima ya neno, wala si kituo cha mwisho tu.