Yupo, Yuko, Yumo: Safari ya Urithi katika Riwaya ya Stefanie Zweig

Msafiri anayefika Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, akiwa na ramani ya zama za Wajerumani, hataliona jina la Liuli katika ramani hiyo. Ataona Sphinxhafen, jina walilolitoa Wajerumani kwa ajili ya mwamba uliowakumbusha sanamu ya Misri. Manda, iliyo kaskazini yake, imeandikwa Wiedhafen. Vijiji vya mwambao huu vimebaki pale pale; lakini asiyemuuliza mwenyeji atapotea hali ya kuwa amekwisha fika.

Kupotea kwa namna hiyo huzipata pia aila za Kiyahudi zinazofunga safari, wazee kwa watoto, kwenda Ulaya kuitafuta asili yao. Leobschütz, mji wa Silesia alikozaliwa Stefanie Zweig mwaka 1932, tangu 1945 umo Poland na huitwa Głubczyce. Tofauti ya mambo haya mawili isisahauliwe. Liuli, jina la mgeni liliondoka na wenyeji wakabaki. Leobschütz, Mayahudi waliondolewa kwanza, na jina likafuata.

Aila ya Zweig iliwahi kuikimbilia Kenya mwaka 1938. Kutokana na maisha hayo mwandishi alitunga Nirgendwo in Afrika, riwaya iliyotoka Ujerumani mwaka 1995. Filamu yake, iliyoongozwa na Caroline Link, ilitoka 2001 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Walter Redlich, wakili aliyenyang'anywa kazi yake, anasimamia shamba huko Rongai. Mkewe Jettel na binti yao Regina wanamfuata. Jettel aliagizwa jokofu, akaja na gauni la dhifa. Msomaji hucheka, kisha kicheko humkauka. Mwanamke huyu amewasili kwa mwili tu; moyo wake ungali Breslau, unangoja mwaliko.

Anayetaka kuifasiri riwaya hii kwa Kiswahili hukwama katika neno la kwanza la jina lake. Nirgendwo ni mahali pasipokuwapo, nasi hatuna neno moja la kulibeba. Kiswahili hukanusha mahali kwa kuchagua: si hapa, si huku, si humu. Ugumu huo, hata hivyo, ndio ufunguo wa riwaya, kwani wahusika wake watatu wanaishi katika ngeli tatu za mahali.

Walter ni mtu wa PA. Anapataka pale palipo mahakama yake, sheria yake na lugha yake, na mwaka 1947 anarudi Ujerumani kuwa hakimu. Lakini hata yeye harudi Leobschütz, anarudi Frankfurt. Jettel ni mtu wa KU, siku zote yuko kwingine: akiwa shambani yuko Breslau, na wakati wa kurudi ulipofika, moyo wake ukataka kubaki Kenya. Regina peke yake ni mtu wa MU. Yumo: ameingia ndani ya lugha kupitia jikoni na shambani, na humo hakuna aliyeweza kumtoa. Msomaji wa pwani huenda akatabasamu kwa Kiswahili hicho cha akina bwana, toto na memsahib. Asikidharau. Mtoto aliyekosa nchi alijengewa nyumba kwa Kiswahili hicho hicho kibovu.

Aliyemjengea ni Owuor, mpishi Mjaluo, na hapo ndipo riwaya inapostahili sifa na lawama pamoja. Sifa ni kwa tukio la joho. Walter anamkabidhi Owuor joho lake jeusi la uwakili, vazi lisilo kazi shambani. Owuor analivaa kwa heshima ambayo Ujerumani ilikuwa imeivua. Urithi ulishuka kwa mtu asiye wa damu. Lawama ni kwamba Owuor anatoa bila kikomo, nasi hatukaribishwi kwake. Nyumba yake na wanawe vimebaki nje ya hadithi, na mwisho yeye ndiye anayeondoka na mbwa kabla ya wageni kuondoka, ili kuaga kusiwepo. Mwandishi amempa hekima yote, akamnyima aila.

Kosa hili si la riwaya peke yake. Ni la safari za urithi kwa jumla. Wanaofika Głubczyce na watoto wao huja na majina ya mababu. Katika riwaya, jamaa waliobaki Breslau wanatoa habari yao ya mwisho kwa barua fupi inayosema kwamba wanapelekwa Poland. Baada ya hapo hawapo, na waliko hakuna kaburi la kuzuru. Ni haki kuwatafuta, ni wajibu. Lakini waliookoka waliokolewa mahali fulani, na watu fulani, kwa lugha fulani. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili ana mzee wa pili, ambaye jina lake halimo katika daftari la sinagogi lolote.

Safari inayouliza "babu yupo wapi?" imeanza vyema. Haitakamilika mpaka mjukuu aliyefika Głubczyce aulize pia: "Na Owuor, yuko wapi?"