Gwaride Lililoizunguka Dodoma: Uhakiki wa Picha za Zamani za Maadhimisho ya Kitaifa nchini Tanzania

Picha za zamani za magwaride ya maadhimisho ya kitaifa ni miongoni mwa picha zinazotazamwa sana na kusomwa kidogo nchini Tanzania. Hutundikwa katika kumbi za ofisi za umma, hurudi magazetini kila zinapokaribia tarehe 26 Aprili na 9 Desemba, na huchukuliwa kuwa uthibitisho tosha kwamba jambo fulani lilitokea na lilifana. Ni nadra kuulizwa zimepigwa kutoka wapi, zinamtazama nani, na ni nani hayumo ndani yake. Uhakiki huu unayauliza maswali hayo kutoka upande wa Dodoma na uwanda wa kati, mahali palipokuwa makao makuu ya nchi kwa azimio kwa zaidi ya miaka 40 huku taswira ya nchi ikiendelea kutengenezwa pwani. Hoja yake ni kwamba picha ya gwaride haionyeshi taifa likijitazama. Inaonyesha taifa linavyoonekana kutoka jukwaa kuu. Kwa sababu hiyo, kutokuwepo kwa Dodoma katika picha hizo ni ushahidi unaostahili kusomwa kwa makini yale yale yanayostahiki picha zenyewe.

Kinachohakikiwa hapa ni kaida za utanzu mzima, wala si fremu moja iliyoteuliwa kwa uzuri wake. Kaida hizo ni kongwe kuliko uhuru. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani askari walipita mbele ya maofisa kila tarehe 27 Januari, siku ya kuzaliwa Kaisari Wilhelm II, na wapiga picha wa wakati huo, akiwemo Walther Dobbertin, waliacha picha nyingi za askari waliopangwa kwa safu. Waingereza walikuja na siku yao, tarehe 24 Mei, Siku ya Dola. Hata lugha imehifadhi nasaba hiyo: neno gwaride lenyewe ni la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili. Ilipowadia usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, bendera ya Uingereza ikashushwa na ya Tanganyika kupandishwa, umbo la tukio lilikuwa limekwisha kuzoeleka kwa macho ya watazamaji. Kilichobadilika, na hili si dogo hata kidogo, ni aliyesimama kupokea heshima.

Zanzibar inatoa mfano ulio wazi zaidi wa namna utanzu unavyoweza kuishi kuliko tawala unazozihudumia. Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio mwaka 1930 katika Mji Mkongwe, alipiga picha za enzi ya Sultani, na baada ya Januari 1964 akapiga za Serikali ya Mapinduzi. Jicho lilikuwa lile lile, na mitaa ilikuwa ile ile. Mhakiki anayezitazama picha za aina hiyo kwa kutafuta mapinduzi peke yake atayapata katika sare, bendera na nyuso, lakini hatayapata katika mahali aliposimama mpiga picha.

Mahali hapo ndipo penye kiini cha suala. Mpiga picha rasmi wa gwaride husimama karibu na jukwaa kuu, kwa kuwa hapo ndipo kikosi kinapotoa heshima. Amri ya “macho kulia” inapotolewa, askari hugeuza nyuso zao kumwelekea mgeni rasmi, na kwa kufanya hivyo huielekea pia kamera. Mtazamaji wa picha hukopeshwa nafasi ya mkuu wa nchi bila kuombwa ridhaa. Anatazamwa na mamia ya watu kwa heshima ambayo si yake, na huenda raha inayopatikana katika picha hizi, ambayo wengi huiita uzalendo, inatokana kwa kiasi fulani na mkopo huo.

Hata hivyo, picha hizi hazijafungwa kabisa. Katika utaratibu wa gwaride uliorithiwa kutoka kwa Waingereza, askari wa faili ya kulia kabisa hawageuzi vichwa. Wao hubaki wakitazama mbele ili mstari usipinde. Katika picha ya kikosi kilichogeuza nyuso, kwa hiyo, kuna watu wachache wasiomtazama mkuu, na wasiomtazama kwa amri. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu upigaji picha, alitofautisha mambo yanayoeleweka kwa wote katika picha na kile kitu kidogo kinachomchoma mtazamaji mmoja pasipo kukusudiwa na mpiga picha. Uso wa askari wa faili ya kulia unafaa kusomwa hivyo, ila kwa tahadhari moja: hauchomi kwa bahati. Unaonyesha kwamba mpangilio mzima wa heshima unategemea watu ambao kazi yao haiwaruhusu kushiriki katika kutazama.

Jambo hilo hilo linajitokeza kwa ukali zaidi katika halaiki. Mamia ya watoto wa shule na chipukizi hupangwa uwanjani ili miili yao iunde herufi, tarakimu za mwaka, ramani au mwenge. Mjerumani Siegfried Kracauer aliandika mwaka 1927 kwamba mapambo yanayotengenezwa kwa umati wa watu huonekana kutoka mbali tu, na kwamba wanaoyatengeneza hawayaoni. Kauli yake ilihusu viwanja na majukwaa ya Ulaya, lakini inaieleza halaiki ya Kitanzania pasipo kulazimishwa. Mtoto aliyeinama ili kuwa sehemu ya herufi ya kwanza ya neno UHURU haoni neno lolote. Anaona mgongo wa mwenzake na nyasi. Anayelisoma neno ni aliye jukwaani. Picha inapochapishwa gazetini kesho yake, mtoto huyo ndipo anapoweza kuliona kwa mara ya kwanza lile aliloliandika kwa mwili wake baada ya wiki za mazoezi juani. Hapa picha ilikuwa na nafasi ya kurudisha kitu kwa watu wake. Imefanya hivyo nusu tu, kwani katika picha iliyoonyesha neno lote, hakuna mtoto anayeweza kujitambua.

Uwanda wa kati unaingia katika picha hizi kwa mlango mwingine, ule wa ngoma. Muheme ya Wagogo inafahamika: wanawake wakipiga ngoma zilizobanwa kiunoni mwake mithili ya kinu chembamba, wakizishika katikati ya mapaja na kusogea pamoja nazo. Ni upigaji wenye uhusiano wa kale na mambo ya jando na unyago, yaani na maarifa yasiyotolewa mbele ya kila mtu. Uwanjani ngoma hiyo hupewa dakika chache kati ya kikosi na kikosi, ikageuzwa uso kuelekea jukwaani, na mpiga picha akainasa mikono ikiwa hewani. Kinachopotea si sauti tu. Muheme hujengwa kwa mdundo mmoja kuusubiri na kuujibu mwingine, na picha moja haiwezi kuonyesha kusubiri. Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, ngoma za makabila zilitakiwa ziwe mali ya taifa zima, na azma hiyo ilikuwa na heshima yake baada ya miongo ya kudharauliwa na wakoloni. Lakini picha za magwaride zinaonyesha bei iliyolipwa. Askari huonekana akiwa wa Tanzania. Mwanamke mpiga muheme huonekana akiwa wa Dodoma. Yule anawakilisha nchi, huyu anaipamba.

Ni haki pia kukumbuka kwamba watu wa bara na pwani hawakulipokea gwaride kwa kuliangalia tu. Ngoma ya beni, ambayo Terence Ranger aliichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1975, ilichukua bendi, vyeo na safu za jeshi la kikoloni ikazifanya mchezo wa mashindano kati ya vikundi vya Marini na Arinoti. Wachezaji wake walijiteulia wafalme na majenerali wao. Beni ni uhakiki wa gwaride uliofanywa kwa miguu, miaka mingi kabla ya uhakiki wa kitaaluma, na mtafiti anayedhani kwamba watu waliopita mbele ya majukwaa hawakujua walichokuwa wakifanya hana budi kuanzia hapo.

Sasa inabidi kurudi kwenye pengo lenyewe. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Mpango wa mji ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto mwaka 1976 haukutaka mji wa minara na njia kuu za kuonyeshea mamlaka kama Brasília. Uliifikiria Dodoma kama kijiji kikuu katika taifa la vijiji, mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda basi. Msomaji mwenye huruma anaweza basi kusema kwamba Dodoma haimo katika picha za magwaride kwa sababu ilikataa kuwa mji wa magwaride. Tafsiri hii inavutia, na kwa upande wa maandishi ya mpango ni sahihi. Kwa upande wa utekelezaji haishiki. Chama kilifanya mikutano yake mikuu Dodoma, Chimwaga ikawa jina la kitaifa, na mwaka 1995 ndiko Benjamin Mkapa alikoteuliwa kugombea urais. Shamrashamra za chama zilifika. Sherehe za dola zikabaki Dar es Salaam. Mji ulioandaliwa usiwe na jukwaa uliachwa tu bila jukwaa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Picha za miaka ya karibuni zinathibitisha tofauti hiyo. Tarehe 9 Desemba 2015 gwaride lilifutwa, fedha zake zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge, na picha ya siku ikawa ya Rais John Magufuli akiokota taka. Kwa mara moja, kamera ya maadhimisho ilishuka jukwaani, ingawa ilimfuata mtu yule yule. Katika Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai 2016, Rais alitangaza akiwa Dodoma kwamba Serikali itahamia huko. Mwaka 2017 sherehe za Muungano, kisha za Uhuru, zilifanyika katika Uwanja wa Jamhuri, na zote ziliripotiwa kuwa za kwanza za aina yake mjini humo. Picha zake ni za rangi, za kidijiti, zilizosambaa kwa dakika chache. Ukiondoa rangi hiyo, hazina kaida mpya: jukwaa kuu, macho kulia, ngoma kati ya kikosi na kikosi. Dodoma ilipoingia kwenye picha iliingia kama uwanja mwingine tu.

Kinachoweza kubadilishwa kwa sasa si pembe ya kamera ya zamani bali maelezo ya picha. Desturi ya magazeti ni kumtaja mgeni rasmi kwa jina na cheo, na waliobaki kwa nomino za jumla: askari, chipukizi, wananchi, kikundi cha ngoma. Nomino hizo zimehamia pamoja na picha kwenye makabati ya nyaraka na katika tasnifu. Filamu za asetati huoza zikitoa harufu ya siki, na joto lenye unyevu la pwani huharakisha kuoza huko; kwa hilo, ukavu wa Dodoma ungezifaa zaidi, lau zingehamishwa pamoja na wizara. Lakini kuna kinachopungua haraka kuliko filamu. Chipukizi aliyekuwa na miaka 12 CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 yumo sasa katika umri wa kustaafu. Akionyeshwa picha ya halaiki anaweza kusema alikuwa mstari wa ngapi, mwalimu gani aliwapanga, nani alizirai kwa jua, na herufi gani aliyoambiwa kuwa ndiyo yeye. Mama aliyepiga muheme siku hiyo anaweza kusema ni sehemu gani ya ngoma iliyokatwa ili kikosi kinachofuata kipite. Mtafiti anayekwenda Chamwino, Bahi au Mpwapwa na nakala za picha hizo mkononi aache nafasi nyuma ya kila nakala, na aandike majina kwa mpangilio wa safu, akianzia faili ya kulia.